Je, wajua kwa nini springi ndogo huamua mwisho wa mbio za injini ya dizeli?

Marekani kuna pikapu za Dodge Ram, za mwaka 1994 hadi mwanzoni mwa 1998, ambazo wenyewe hawasikii la mtu ukiwaambia waziuze. Kinachowashika ni injini: Cummins ya lita 5.9, silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, valvu 12, na pampu ya dizeli ya Bosch P7100 inayofanya kazi yake yote kwa chuma na mafuta, bila kompyuta. Wakianza kuziongezea nguvu, moja ya vitu vya mwanzo kununua ni springi za gavana (kifaa cha pampu kinachodhibiti mzunguko wa injini), vyuma vinavyoenea kiganjani. Injini iliyokuwa ikikata tamaa karibu na mizunguko 2,500 kwa dakika sasa inavuta hadi 3,000 na kupita. Inawezekanaje?

Gavana hii, kwanza, si ndugu ya kile kidhibiti mwendo ambacho Kenya ilikianzisha kwenye matatu mwaka 2004 ili zisipite kilomita 80 kwa saa. Kile huangalia mwendo wa gari barabarani. Gavana ya pampu huangalia mzunguko wa injini tu, na haina habari kama uko gia ya kwanza au ya tano.

Injini ya petroli ya kawaida ina kilango kinachobana hewa. Ukiachia pedali, hewa inapungua na injini inatulia. Dizeli hizi za zamani hazina kilango hicho. Kila mara huvuta hewa yote zinazoweza kupata, na nguvu yake hupimwa kwa kiasi cha dizeli kinachodungwa. Pampu ikiachiwa imwage wakati injini haina mzigo, mizunguko itapanda mpaka kitu kivunjike. Lazima basi pawe na kitu cha kuhisi mzunguko na kupunguza mafuta kwa wakati.

Kwenye P7100, kitu hicho ni vizito viwili vya chuma vilivyofungwa nyuma ya pampu, vinavyozunguka pamoja na shafti yake. Mtoto akizungusha jiwe lililofungwa kamba, jiwe humvuta mkono kwenda nje. Vizito navyo hutaka kukimbilia nje hivyo hivyo. Ndani ya kila kimoja kuna springi zinazokizuia. Mzunguko ukizidi, vizito hushinda springi, hutoka nje na kusukuma wenzo. Wenzo huvuta reki, yaani fito inayozigeuza plunja zote 6 (vyuma vinavyosukuma dizeli, kimoja kwa kila silinda) kwa pamoja, na kila plunja inapiga dizeli kidogo zaidi kuliko mwanzo.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa tamu. Mvuto wa kwenda nje haupandi sambamba na mzunguko; hupanda kwa mraba wake. Kutoka 2,500 hadi 3,000 ni ongezeko la asilimia 20, lakini 1.2 mara 1.2 ni 1.44. Vizito vilevile, vikiwa mahali palepale, sasa vinavuta kwa asilimia 44 zaidi. Ukitaka gavana ianze kubana mafuta kwenye 3,000 badala ya 2,500, springi lazima ziwe ngumu kwa kiasi hicho. Pampu yenyewe huzunguka nusu ya mwendo wa injini, lakini uwiano haubadiliki.

Tena gavana ya chuma haikati kama swichi. Ya kiwandani huanza kupunguza mafuta taratibu, kisha inapunguza zaidi na zaidi hadi injini inaishiwa pumzi. Kwa hiyo dereva hupoteza nguvu kabla hata ya kufika mwisho. Springi mpya zinalisogeza juu eneo zima la kupunguza. Haziongezi hata tone kwenye kiwango cha juu cha dizeli kwa kila mpigo. Hicho huwekwa kwingine ndani ya pampu. Anayekuuzia springi kwa ahadi kwamba pikapu itang'oa mti hajakueleza vizuri.

Faida yake huonekana kwenye gia. Giaboksi ya NV4500 iliyofungwa kwenye nyingi ya pikapu hizi ina uwiano wa 1.67 kwa gia ya tatu na 1.00 kwa ya nne. Ukibadilisha ukiwa 2,500, injini inaangukia karibu 1,500, chini ya pale ilipokusudiwa kuwa na mvuto mkubwa kabisa, karibu 1,600. Turbo, feni inayoisukumia injini hewa, nayo inalegea, na kama una trela mlimani unaanza kusali. Ukibadilisha ukiwa 3,000 unaangukia karibu 1,800, turbo bado ina pumzi.

Kwa nini basi kiwanda hakikufanya hivyo tangu mwanzo? Injini hii haikuzaliwa kwa ajili ya pikapu. Cummins waliitengeneza miaka ya 1980 wakishirikiana na Case, watengenezaji wa matrekta, na injini ya kazi hupendwa kwa kudumu. Pistoni yake husafiri milimita 120 kwenda na 120 kurudi. Kwa 2,500 hiyo ni wastani wa mita 10 kwa sekunde, kwa 3,000 ni mita 12. Mzigo unaoipata konrodi, mkono wa chuma unaoshika pistoni, kwa kusimamisha na kugeuza pistoni nao hupanda kwa mraba, asilimia 44 ileile.

Valvu ndizo za kuogopa zaidi. Springi zake za kiwandani ni laini, na mzunguko ukizidi sana hazifungi valvu kwa wakati, jambo linaloweza kupinda fito za kuisukuma au kuikutanisha valvu na pistoni. Kwa hiyo mafundi makini hubadilisha na springi za valvu, wakaweka zinazokandamiza kwa takriban pauni 60, karibu kilo 27. Binafsi ningeanza na hizo.

Kufunga springi za gavana kunataka subira. Unafungua kizibo kwenye nyumba ya gavana, unazungusha injini kwa mkono mpaka kizito kitokee dirishani, unaondoa nati na kutoa springi. Nati au washa ikidondoka ndani, siku imeharibika. Kisha unazungusha injini upande wa pili ufike. Nati hukazwa kwa kuhesabu milio ya "tik", na pande zote mbili lazima zilingane. Zikipishana, injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, itapanda na kushuka yenyewe, na itabidi ufungue kizibo tena.