Je, wajua? Faili la kalenda halitambuliwi kwa jina lake

Mwaliko wa mkutano ukitumwa kwa barua pepe kutoka Kinshasa kuja Lubumbashi, mara nyingi huambatana na faili dogo, tuseme mwaliko.ics. Ukiligusa, simu inafungua kalenda na kukuwekea siku na saa. Simu imejuaje kwamba hiyo ni kalenda?

Waulize watu kumi, wengi watakuonyesha zile herufi za mwisho, .ics. Wana haki kwa sehemu, maana programu nyingi huanzia hapo. Lakini kiendelezi ni kipande cha jina tu, na jina hupangwa na yeyote aliyeshika kibodi. Chukua picha ya harusi uiite harusi.ics: hakuna baiti hata moja ndani yake iliyobadilika, na kalenda itakataa kuifungua. Wapo pia wanaochukua jedwali la Excel, wakafuta .xlsx, wakaandika .ics, wakaamini wamelibadilisha kuwa kalenda. Jedwali linabaki jedwali. Mbaya zaidi, Windows kwa kawaida huficha viendelezi inavyovifahamu, hivyo mwaliko.ics.exe linaweza kuonekana mbele yako kama mwaliko.ics, na hilo ni programu inayongoja kubonyezwa.

Katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, hakuna anayesoma maandishi ya gunia ili ajue ananunua nini. Gunia limechapwa "sukari", lakini limejaa makaa. Mnunuzi anafunua mdomo wa gunia na kutazama. Kompyuta nayo ina njia hiyo: husoma baiti chache za mwanzo wa faili, zinazoitwa sahihi ya faili. Picha ya JPEG huanza na FF D8 FF, zilizoandikwa kwa heksadesimali, yaani hesabu ya tarakimu kumi na sita, 0 hadi 9 kisha A hadi F. PDF huanza na %PDF. Jedwali la .xlsx huanza na PK, herufi za jina la Phil Katz aliyebuni ZIP, muundo wa kufungasha mafaili mengi katika moja, kwa sababu kwa ndani .xlsx ni ZIP.

Kalenda ina upekee wake. Sahihi yake ni maneno yanayosomeka: BEGIN:VCALENDAR. Fungua faili la .ics kwa programu yoyote ya kuandikia, utayakuta mstari wa kwanza. Kwa heksadesimali ni baiti 15: 42 45 47 49 4E 3A, yaani BEGIN na nukta mbili zake, kisha 56 43 41 4C 45 4E 44 41 52.

Hapo ndipo mambo yanaponoga. Mfumo wa zamani, vCalendar wa mwaka 1996, unaohifadhiwa kwa .vcs, huanza na maneno hayo hayo. Kinachoutenganisha na iCalendar ya leo, ndiyo hiyo ya .ics, ni mstari wa VERSION, 1.0 au 2.0, na kanuni haisemi mstari huo ukae nafasi ya ngapi. Mara upo wa pili, mara umetanguliwa na PRODID, inayotaja programu iliyotengeneza faili. Kwa hiyo sahihi peke yake haitoshi kukupa toleo. Tena baadhi ya programu hutanguliza baiti tatu zisizoonekana, EF BB BF, alama ya UTF-8, yaani mtindo wa kuhifadhi herufi, na mkaguzi anayedai herufi B iwe ya kwanza kabisa atalikataa faili zima.

Mnunuzi mzoefu pia haridhiki na mdomo wa gunia. Juu panaweza kuwa na makaa mazuri, chini vumbi. Yeyote anaweza kuandika BEGIN:VCALENDAR kisha akaendelea na upuuzi. Ndiyo maana kuthibitisha ni kazi tofauti na kutambua: ni kulimwaga gunia lote chini. Kwa iCalendar kanuni ziko katika RFC 5545, waraka wa kanuni za mtandao wa mwaka 2009. PRODID na VERSION lazima viwepo. Kila tukio liwe na UID, kitambulisho chake cha pekee, na DTSTAMP, muhuri wake wa wakati. Tukio lisiwe na DTEND, wakati wa kumalizika, na DURATION, muda litakaodumu, kwa pamoja. Kila BEGIN ipate END yake, hadi END:VCALENDAR ya mwisho. Ikikosekana, huenda faili lilikatika njiani mtandao ulipopotea. Mistari mirefu inatakiwa ikunjwe isizidi baiti 75, ule unaoendelea ukianza na nafasi tupu. Programu nyingi hulegeza kanuni kama hizi za mistari, kwa hiyo faili lenye kasoro linaweza kufunguka vizuri kwako na kugoma kwa mwenzako.

Hata faili lililopita ukaguzi wote linaweza kukupotosha. Tuseme limeandikwa DTSTART:20260703T090000, yaani kuanza tarehe 3 Julai 2026, 09:00. Muundo ni safi, ila halitaji ukanda wa saa, na kanuni inaruhusu: kila msomaji ataichukulia kuwa 09:00 ya mahali alipo. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa, ingawa nchi ni moja. Wa Lubumbashi ataingia mkutanoni, aongee peke yake na skrini, huku Kinshasa bado ni 08:00. Lingeandikwa 20260703T070000Z, Z hiyo ikiwa saa ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, kila kalenda ingeongeza zake: mbili Lubumbashi, moja Kinshasa.