Zima meni swichi kwanza: umeme ukikatika wakati wa ukarabati wa nyumba

Umeme ukikatika katikati ya ukarabati, wengi huona kero tu: vigae vimebaki nusu, drili imenyamaza, fundi anadai posho ya siku nzima. Sisi tunaokagua mitambo ya umeme majumbani tunaona hatari. Umeme uliokatika utarudi, na ukirudi haubishi hodi.

Tabia inayotutia hofu kuliko zote ni ya fundi kusema afadhali, ngoja tumalizie nyaya za ukutani maana sasa hazina kitu. Soketi zimeshang'olewa kupisha plasta, ncha za nyaya ziko wazi. Anagusisha tesita, haiwaki, anashika kwa mikono mitupu. Tesita hiyo imemwambia hali ya dakika ile tu. Dakika inayofuata laini ikirudishwa, volti 230 zinamkuta ameshika. Wala si TANESCO peke yao wanaoweza kuurudisha. Huenda mtaa mzima una umeme, ila uniti za LUKU ndizo zimeisha. Mama mwenye nyumba yuko sebuleni, ananunua uniti kwa simu, anabonyeza tarakimu 20 za tokeni, hajui kwamba chumbani kuna mtu ameshika waya.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuzima meni swichi, ile kubwa inayokata umeme wa nyumba nzima, hata kama nyumba iko gizani. Bandika karatasi yenye maandishi makubwa: mtu yuko kazini, usiwashe. Kama sanduku la swichi linafungika, funguo akae nazo yule anayeshika nyaya, asimwachie mtu mwingine.

Kisha pitia vifaa vyote na uchomoe plagi. Grainda ndiyo mbaya kuliko zote. Grainda ndogo ya kukatia vigae huzunguka mara zipatazo 11,000 kwa dakika, na nyingi zina swichi ya kusukuma inayojishikilia yenyewe. Umeme unakatika fundi akiwa anakata, anaiweka sakafuni swichi ikiwa bado imewaka, anakwenda kunywa chai. Umeme ukirudi inaruka na kukimbia sakafuni diski ikizunguka, na watoto wa nyumba hiyo huenda wako peku hapo hapo. Tafadhali, kila fundi ajizoeze: mashine ikinyamaza, kidole kirudi kwenye swichi kabla ya kuiweka chini.

Jenereta nayo ina mambo yake. Tumekuta nyumba zinazoliunganisha kwa waya wenye plagi pande zote mbili, moja kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya ukutani. Acheni kabisa. Plagi ya upande wa pili ikichomoka, meno yake yana umeme na yako wazi. Na meni swichi ikiwa haijazimwa, umeme wako unatoka nje kupitia mita. Transfoma ya mtaani, ambayo kazi yake ni kushusha volti 11,000 au 33,000 hadi za matumizi ya nyumbani, ikilishwa kinyume inaweza kuzipandisha, na juu ya nguzo kuna fundi wa laini anayeamini waya umekufa. Nyumba inayotaka jenereta iwekewe chenjiova, yaani swichi inayochagua kati ya umeme wa laini na wa jenereta, na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Lakini kwa drili moja na taa mbili, hata chenjiova haihitajiki: chomeka moja kwa moja kwenye jenereta kwa ekstensheni nene, iliyokunjuliwa yote.

Jenereta likae nje, angalau mita 6 kutoka milangoni na madirishani. Nyumba inayokarabatiwa mara nyingi haina vioo, kwa hiyo moshi unaingia kirahisi. Ndani yake mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na anaweza asiamke.

Giza likiingia, msiwashe mshumaa wala kibatari palipopakwa vanishi au penye thina iliyofunguliwa. Mvuke wake hushika moto. Tumieni taa za betri. Zege au plasta iliyokwisha kuchanganywa haisubiri umeme, imalizieni kwa mikono, na msiongeze maji kuilainisha, maana itapoteza nguvu.

Umeme ukirudi, hakikisheni hakuna aliyeshika waya na kila kifaa kimechomolewa. Washeni meni, halafu swichi za saketi moja baada ya nyingine. Ya chumba kinachokarabatiwa ibaki imezimwa mpaka ncha zote zifunikwe kwa konekta. Friji na pampu zisubiri kama dakika 10, kwa sababu laini inaporudi volti huyumba. Saketi breka ikijizima kila unapoiwasha, iache hivyo hivyo na umwite fundi umeme.