Ampaya kaona, ila hasemi mpaka umdai

Mimi ni ampaya, yaani mwamuzi, na kila nikimaliza mechi ya softiboli lazima atokee mtu anifuate, "we ampaya si uliona kabisa yule dada hakukanyaga besi, mbona ulinyamaza?" Niliona ndio, tena nilikuwa hatua tatu tu, mguu umepita hewani juu ya besi ya pili, kile kituo cha pili kati ya vinne ambavyo mkimbiaji lazima avikanyage kwa zamu, hata vumbi halijatimka. Ila kuruka besi ni kosa la rufaa, na rufaa siwakatii mimi. Timu ya ulinzi isipodai basi rani, yaani pointi, imeingia, na nikiikodolea macho tu ile besi nishawapa jibu.

Kudai kwenyewe, mpira ukiwa bado hai, yaani mchezo unaendelea, mwenye mpira anakanyaga besi iliyorukwa au anamgusa huyo mkimbiaji, ila aseme anadai nini maana akikanyaga kimyakimya ntajuaje kama hapiti tu. Mpira ukishakufa, mchezo umesimama, ni mdomo tu, mchezaji wa ndani au kocha anakuja, "aliyetoka ya kwanza hakukanyaga ya pili." Sio "ampaya, huyo mwizi bwana!" Mwizi yupi, besi ipi? Na wawahi kabla mrushaji hajarusha tena, akisharusha imekula kwao.

Sasa kwenye hesabu ndo watu wanachanganyikiwa. Besi zimejaa wakimbiaji, auti mbili (wawili washatolewa, wa tatu akitoka zamu yao ya kupiga imeisha), mpigaji anatandika mpira mrefu, watatu wote wanaingia homu, kituo cha mwisho, benchi linarukaruka, kumbe aliyetoka ya kwanza aliiruka ya pili. Rufaa ikipita hiyo ni auti ya tatu, na pale alikuwa analazimika kwenda maana mpigaji anakuja nyuma yake kuchukua besi ya kwanza, kwa hiyo rani zote tatu zinafutwa, zote! Lakini chukua auti moja, mpira wa juu unadakwa, hiyo auti ya pili, wa besi ya tatu alisubiri vizuri akaingia homu, wa ya pili ndo alichomoka mapema kabla mpira haujadakwa. Akidaiwa ni auti ya tatu vilevile, ila rani ya mwenzake iliyoshaingia inabaki, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamsukuma kutoka kwenye besi yake. Kuna kocha tulibishana hili mpaka maji ya kunywa yakaisha, yeye kang'ang'ania kwamba kurudi ni sawa na kulazimishwa, haya bwana.

Na msichanganye na kuchomoka kabla mrushaji hajaachia mpira, kwenye softiboli ya kasi hiyo hainaga rufaa. Hapo napaza sauti mwenyewe, mpira umekufa, mkimbiaji auti, na ile pichi, ule mrusho, haihesabiwi.