"Alikuwaka soda" na "mstaafu" si kitu kimoja

"Ule ni soda, ata avae kostimi", yaani yule ni askari hata akivaa suti. Nililisikia hilo ndani ya teksi-basi ikitoka Kenya, komini yetu hapa Lubumbashi, kwenda mjini wakati wa kampeni ya 2023, tulipopita bango la mgombea aliyetanguliza cheo cha kanali mbele ya jina lake. Abiria wakacheka. Papa mmoja nyuma akamtetea: "Hapana, ni mstaafu." Hakuna hata mmoja wao aliyejua kama ni kweli.

Maana yenyewe ni fupi. Mwanajeshi mstaafu anayegombea ubunge wa taifa ni raia aliyetumikia jeshi, akaachiliwa rasmi, na sasa anaomba kiti kimoja kati ya 500 vya Bunge la Taifa kule Kinshasa. Awe Mkongomani, awe na miaka 25 au zaidi, haki zake za kiraia na za kisiasa ziwe kamili. Hayo ndiyo ya msingi.

Kinachoniudhi ni hilo neno "mstaafu", tunavyolitupa kwa kila aliyewahi kushika bunduki. Kustaafu kumetoka kwenye Kiarabu, kwa maana ya kuomba kuachiliwa, kuomba udhuru. Mzizi wake ndio uliotupa pia afu, yaani kusamehe, na hata afya. Kwa hiyo uzee haumo ndani ya neno hilo, wala uchovu. Kilichomo ni mtu aliyeomba ruhusa akapewa. Siku hizi umri ukifika jeshi lenyewe linakustaafisha, lakini bado kuna mlango na kuna aliyekufungulia. Sheria ya uchaguzi ya 2006 inafuata njia hiyo hiyo: mwanajeshi au polisi akileta faili ya kugombea, aambatanishe ushahidi kwamba amestaafishwa, au kwamba kujiuzulu kwake kumekubaliwa. Kumekubaliwa! Barua uliyoandika jana usiku ukaiacha mezani kwa kamanda bado haijakutoa jeshini.

Aliyeondoka bila kuomba ana jina lake la zamani: mtoro.

Demobu, mpiganaji aliyerudishwa uraiani, naye ni mwingine. Baada ya vita, serikali iliunda CONADER, tume ya kuwarudisha wapiganaji uraiani, Desemba 2003, na wapiganaji wa makundi mbalimbali wakachagua kati ya kuingia jeshi jipya na kurudi uraiani. Aliyechagua uraia akawa demobu. Wengi wao hawakuwahi kuvaa sare ya jeshi la taifa hata siku moja. Watastaafu kutoka wapi?

Halafu "ancien combattant", mpiganaji wa zamani kwa Kifaransa. Kwa babu zetu jina hilo lilikuwa la askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji, wale walioingia Tabora Septemba 1916, na wanao waliopigana Saio, Ethiopia, mwaka 1941. Leo jina hilo wanapewa hata ba-Tigre wetu, wapiganaji wa Katanga waliokwenda Angola baada ya Tshombe, aliyeitenga Katanga na Kongo, kushindwa 1963, na kurudi na vita vya Shaba (jina la Katanga wakati huo) 1977 na 1978. Kupigana walipigana, sikatai. Ila mlango waliotokea ni mwingine kabisa. (Na ukisema "vétéran" hapa Lubumbashi, watu watafikiria timu ya mpira ya wazee, wakuulize mechi ni saa ngapi Jumapili.)

Tofauti hii si ya vitabu tu. Soda aliye kazini hapigi kura kabisa, sheria inamkataza, na Katiba haimruhusu kuwa mbunge huku yuko jeshini. Fikiria basi mtu aliyetumikia miaka thelathini. Siku anayosimama mbele ya mashine ya kura inaweza kuwa mara yake ya kwanza kupiga kura tangu uchaguzi wa 2006, na picha anayoigusa kwa kidole ni ya kwake mwenyewe. Karatasi moja iliyotiwa sahihi ndiyo imemfikisha hapo. Demobu hakuihitaji. Mtoro hawezi kuipata.

Kwa hiyo, papa wa kiti cha nyuma, hukukosea sana. Kama umeiona ile karatasi, sema "mstaafu" kwa sauti. Kama hujaiona, Kiswahili chetu cha Lubumbashi kimeshakupa njia: "alikuwaka soda", yaani zamani alikuwa askari. Hiyo -ka ya mwishoni inatosha kumvua sare.