Mazuku si upepo

Juzi nimelisikia tena, hapa Goma, kwenye kituo cha moto, yaani pikipiki za abiria, mama jirani akisema: "Upepo wa mazuku umevuma usiku, umeua mbuzi." Papa mmoja, yaani mzee wa hapa, akadakia kwamba hapana, ni metani, gesi ya Ziwa Kivu. Wote wawili wamekosea, ila wa kwanza ndiye aliyeniudhi zaidi.

Mazuku ni kaboni dioksidi inayopenya kwenye nyufa za mawe ya volkano na kutuama mashimoni. Haina rangi wala harufu. Basi.

Sasa huo "upepo". Wataalamu wa volkano wamelichukua jina letu, wanaliandika mazuku hivyo hivyo katika lugha zao, kisha pembeni wanalifasiri "upepo mbaya". Tafsiri ina ushairi wake, lakini imegeuza jambo kichwa chini miguu juu. Mazuku huua pale ambapo upepo haupo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hujaza shimo kama maji yanavyojaza beseni, kuanzia chini. Usiku na alfajiri, hewa ikitulia, kina chake hupanda. Jua likiwaka na upepo wa ziwani ukivuma, hutawanyika. Ndiyo maana mtu mzima anaweza kusimama shimoni asidhurike, huku mbuzi aliyeinama kula majani karibu na miguu yake anaanguka.

Na metani, papa? Hiyo ni nyepesi kuliko hewa, hupanda juu, tena inawaka. Mshumaa ukishushwa kwenye mazuku unazimika. Ziwa Kivu lina metani kweli, kilomita za ujazo 60 hivi, na kaboni dioksidi karibu 300, lakini zimeyeyuka kilindini, chini ya maji mazito yenye chumvi yasiyochanganyika na ya juu. Sambaza wetu, samaki wadogo wa ziwa hili, wanaishi tabaka la juu kwa sababu huko chini hakuna oksijeni. Gesi ya ziwani ikifumuka, kama ilivyotokea ziwa Nyos, Kameruni, mwaka 1986, ikaua watu zaidi ya 1,700, hilo ni janga jingine kabisa, halihesabiwi kwa mbuzi mmoja.

Kwa hiyo, mama jirani, sema "mazuku" tu, inatosha. Na mbuzi akilala shimoni asubuhi, usimshukie. Vuta kamba ukiwa juu.