Je, wajua siri ya ndege kupaa ilianzia kwenye bomba la maranda?

Waulize watu waliosoma fizikia kwa nini ndege hupaa, na wengi watakupa jibu moja. Bawa, watakuambia, ni bapa kwa chini na limebinuka kwa juu. Hewa ikifika kwenye ukingo wa mbele inagawanyika, nyingine ikapita juu, nyingine chini, halafu zinakutana tena nyuma kwa wakati mmoja. Kwa kuwa njia ya juu ni ndefu, hewa ya juu inalazimika kukimbia zaidi. Kwa kanuni ya Bernoulli, hewa ikikimbia zaidi mgandamizo wake hupungua, basi bawa linavutwa juu.

Jibu hili limechorwa ubaoni kuanzia Tukuyu hadi Iringa, na limeenea hivyo kwa sababu nusu yake ni kweli. Hewa ya juu hukimbia zaidi kweli, na mgandamizo wake hushuka kweli. Kosa ni hilo la kukutana. Hakuna sheria ya maumbile inayoitaka hewa iliyoachana mbele ikutane nyuma. Ukipuliza moshi kwa vipindi ndani ya handaki la upepo, ile mashine ambamo bawa hutulia na hewa ndiyo inayokwenda, utaona moshi wa juu ukifika nyuma wakati wa chini bado uko njiani. Vikishaachana, havikutani tena.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ukubwa wa kosa. Chukua ndege ndogo aina ya Cessna 172. Ikijaa ina kilo zipatazo 1,100, na mabawa yake yana eneo la mita za mraba 16 hivi, kwa hiyo kila mita moja ya mraba inabeba karibu kilo 69. Kwenye bawa la namna hiyo njia ya juu huizidi ya chini kwa asilimia chache tu, tuseme 2. Ndege ikienda kilomita 180 kwa saa, na hewa ya juu ikizidi mwendo kwa hiyo asilimia 2 tu ili iwahi miadi, tofauti ya mgandamizo itainua kilo 6 na ushee kwa kila mita ya mraba. Zidisha kwa 16 upate kilo 100 hivi. Hapo umembeba rubani na begi lake. Ndege yenyewe imebaki chini.

Tena kuna ndege za maonyesho zinazoruka zimegeuzwa miguu juu, na tiara ya mtoto hupaa ingawa karatasi yake ni bapa pande zote mbili. Kwa jibu lile la ubaoni, ya kwanza ingevutwa ardhini na ya pili isingenyanyuka kabisa.

Kinachotokea ni kwamba bawa lililoinuliwa kidogo kwa mbele huipinda hewa na kuitupa chini, nayo hewa hulisukuma bawa juu. Mgandamizo mdogo wa juu na hewa inayotupwa chini ni jambo moja linalotazamwa pande mbili. Hewa haiwezi kupinda bila tofauti ya mgandamizo kuipindisha.

Swali gumu liko mbele zaidi: hewa inawezaje kulifuata bawa mgongoni mpaka mwisho, na kwa nini wakati mwingine huliacha njiani? Hapo wanahisabati walikwama muda mrefu. Mwaka 1752 Mfaransa Jean le Rond d'Alembert alikokotoa kwamba kitu kinachopita kwenye maji yasiyo na msuguano hakipati ukinzani wowote, jambo ambalo mvuvi yeyote wa Ziwa Nyasa angelikataa kwa kuingiza kasia majini. Msuguano wa hewa na maji ni mdogo mno, kwa hiyo walioandika hesabu waliona ni halali kuuacha. Waliouacha wakapata majibu ambayo mafundi hawakuweza kuyatumia.

Aliyeurudisha ni mhandisi wa mitambo, na alianza na maranda.

Mtu wa Mafinga hahitaji kuelezwa maranda ni nini. Ubao wa msindano kutoka Sao Hill ukipita kwenye mashine ya randa, maranda hutoka yamejikunja, mepesi, yenye harufu ya utomvu, na yasipoondolewa hujaa miguuni mwa fundi mpaka kazi inasimama. Wafugaji wa kuku huyachukua wakatandika mabandani. Viwanda vikubwa huyanyonya kwa feni kupitia bomba. Mwaka 1900 kijana wa Kijerumani, Ludwig Prandtl, alikuwa ametoka kupata shahada ya uzamivu huko Munich, akaajiriwa kwenye kiwanda cha mashine mjini Nuremberg na kupewa kazi ya kuboresha mtambo wa namna hiyo. Aliweka bomba linalopanuka kuelekea mwisho. Matarajio yalikuwa kwamba hewa ikipunguza mwendo kwenye sehemu pana, mgandamizo utapanda na feni itapata nafuu.

Mgandamizo haukupanda kama hesabu ilivyosema. Hewa ilibanduka kutoka kwenye ukuta wa bomba, ikapita katikati, na pembeni ikabaki hewa inayozunguka papo hapo. Prandtl aliutengeneza mtambo ukafanya kazi, lakini swali la kwa nini hewa ibanduke alikwenda nalo Hannover, alikopewa uprofesa mwaka 1901 akiwa na miaka 26. Huko alijengewa tangi dogo la maji lenye gurudumu la kuzungusha kwa mkono. Maji yalitiwa chembe za madini zinazometameta, ili jicho lifuate kila mkondo unavyopita na unavyojikunja. Agosti 1904, kwenye mkutano wa wanahisabati mjini Heidelberg, alipewa dakika 10 aeleze alichokiona.

Alieleza hivi. Kwenye ngozi yenyewe ya bawa, hewa haitembei kabisa. Mwendo wake ukilinganishwa na bawa ni sifuri. Ukipanda milimita chache au sentimita kadhaa tu juu ya ngozi, hewa inakwenda kwa mwendo wake kamili. Msuguano wote wenye maana umo ndani ya ukanda huo mwembamba, ambao wahandisi huuita tabaka la mpakani. Nje ya hapo unaweza kuuacha msuguano na hesabu za zamani zikakaa sawa.

Ushahidi wa tabaka hili uko barabarani. Gari likipita njia ya vumbi kisha likashika lami kuja Mbeya, changarawe na chembe kubwa hupeperuka, ila unga mwembamba unabaki kwenye bodi hata kwa kilomita 80 kwa saa. Andika jina kwa kidole kwenye unga huo na utalikuta Mbeya linasomeka. Chembe zile ni ndogo kiasi kwamba zimelala chini kabisa ya tabaka la mpakani, ambako upepo haupo.

Sasa, kwa nini hewa ibanduke? Panda baiskeli Njombe, ambako kila barabara inashuka bondeni na kupanda tena. Achilia kutoka juu bila kukanyaga pedali. Mwendo unaongezeka, unafika bondeni una kasi, na kasi hiyo inakupandisha upande wa pili karibu hadi kimo ulichotokea. Hewa iliyo mbali na ngozi ya bawa hufanya vivyo hivyo. Kutoka ukingo wa mbele hadi karibu na pale bawa lilipobinuka zaidi, mgandamizo unapungua, na huo ndio mteremko. Kutoka hapo hadi ukingo wa nyuma mgandamizo unapanda, na hicho ndicho kilima. Rudia safari ileile breki zikiwa zimebana kidogo, raba zinakwaruza rimu njia nzima. Bondeni utafika mwendo umepungua, kilima kitakushinda katikati, utasimama, na usipoweka mguu chini utarudi kinyumenyume. Hewa ya tabaka la mpakani ndiyo baiskeli hiyo yenye breki. Ikishindwa kilima, inasimama na kuanza kurudi, na hewa inayoifuata haina pa kupita ila juu yake. Mkondo mzima unanyanyuka kutoka mgongoni mwa bawa.

Rubani akizidi kuinua pua ya ndege, kilima kinazidi kuwa kikali. Kwa mabawa mengi ya kawaida, pembe kati ya bawa na hewa inayokuja ikifika karibu nyuzi 15 hewa inabanduka, nguvu ya kuinua inaporomoka, na ndege huanza kushuka injini ikiwa nzima. Ndiyo maana baadhi ya ndege zina vibanzi vidogo vya bati vilivyosimama kwenye mgongo wa bawa. Kazi yao ni kuikoroga hewa ya juu yenye kasi ishuke ndani ya tabaka lililochoka, iipe msukumo wa kumalizia kilima.

Lakini tahadhari: wapo wanaosikia haya wakahitimisha kwamba hewa hulifuata bawa kwa kuwa imelinata. Hapo wamepitiliza. Kinachoipinda hewa ni mgandamizo. Msuguano ndio huamua itaachana na bawa wapi. Wahandisi wenyewe hubishana hadi leo kuhusu namna nzuri ya kulieleza hili kwa ufupi, ingawa hesabu zao zinakubaliana.

Mwaka huohuo wa 1904 Prandtl alihamia Göttingen, akafundisha na kutafiti huko maisha yake yote hadi alipofariki mwaka 1953. Alijenga mahandaki ya upepo na akatoa nadharia ya mabawa ambayo bado inafundishwa. Wakati wa Hitler utafiti wa Göttingen ulifadhiliwa na wizara ya anga ya utawala ule, na hilo nalo ni sehemu ya historia yake. Mmoja wa wanafunzi wake, Theodore von Kármán, alikwenda Marekani na kuwa kati ya waanzilishi wa maabara ya JPL, ambayo leo huunda na kuongoza vyombo vya NASA, shirika la anga la Marekani, vinavyokwenda sayari nyingine. Kwa mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo, awe Göttingen au Iyunga ya Mbeya, tabaka la mpakani ni somo asiloweza kuliruka, hata kama atamalizia kwenye pampu za maji na asiguse ndege kamwe.

Nyanda za juu zina jambo lao la ziada. Uwanja wa ndege wa Songwe, uliochukua nafasi ya ule mdogo wa Mbeya mjini mwezi Desemba 2012, uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 12. Pembe ambayo hewa inabandukia haibadiliki sana, ila nguvu ya kuinua hutegemea uzito wa hewa pamoja na mraba wa mwendo. Kwa hiyo ndege yenye mzigo uleule inahitaji mwendo mkubwa zaidi kwa asilimia 6 au 7 kabla ya kuacha ardhi, huku injini nazo zikivuta hewa pungufu. Saa ya mwendo iliyo mbele ya rubani haionyeshi ziada hiyo. Inapima msukumo wa hewa, na hewa nyepesi husukuma kidogo, kwa hiyo itasoma namba ileile iliyosoma Dar es Salaam. Ziada yote inalipwa na matairi na urefu wa njia ya kurukia, ambayo Songwe ina zaidi ya kilomita 3.