Kasuku Mwenye Mdomo Uliopinda: Maswali na Majibu

Nitajuaje kwamba mdomo wa kasuku wangu umepinda?

Mtazame kwa mbele akiwa ametulia. Ncha ya sehemu ya juu hupaswa kushuka katikati na kuifunika ya chini. Ikielekea upande mmoja huku ya chini ikielekea mwingine, zikapishana kama makali ya mkasi, hiyo ni kasoro. Vilevile ni kasoro sehemu ya chini inapotangulia mbele na kuimeza ncha ya juu. Mdomo wa ndege ni mfupa uliovikwa tabaka la keratini, kitu kilekile kinachounda kucha zetu, na kwa kuwa tabaka hilo haliachi kukua, sehemu zisizosagana hurefuka bila kizuizi, na hitilafu hiyo huzidi mwezi baada ya mwezi.

Chanzo chake ni nini?

Kwa makinda, hutajwa namna ya kulishwa, hasa mlishaji anapoelekeza bomba la sindano upande mmoja kila mara, pamoja na upungufu wa kalsiamu na vitamini D. Kwa ndege mkubwa aliyekuwa na mdomo mzuri, shuku jeraha, maambukizi au ugonjwa wa ini, ambao huwapata sana kasuku waliozoeshwa mbegu za alizeti peke yake. Kasuku wadogo wa Australia hushambuliwa pia na utitiri, nao huuacha mdomo na ukoko wenye vitundu vidogo. Ndiyo maana daktari hutafuta ugonjwa kabla ya kushika kifaa.

Je, naweza kuupunguza mwenyewe kwa kikata kucha?

Nakuomba usifanye hivyo. Mishipa ya damu na ya fahamu hufika karibu na ncha, na keratini ikibanwa hupasuka hadi kwenye mfupa. Kasuku wa kijivu mwenye uzito wa gramu 450 ana damu ya takriban vijiko vitatu vya chakula mwilini mwake mwote, kwa hiyo matone tunayoyadharau sisi kwake ni hasara kubwa. Daktari wa mifugo aliyezoea ndege huusaga kidogo kidogo kwa mashine ndogo.

Mdomo unaweza kunyooka?

Umri ndio unaoamua. Kwa kinda ambaye mdomo wake bado ni laini, daktari humwonyesha mfugaji jinsi ya kuusukuma taratibu kwa vidole mara kadhaa kwa siku, na mara nyingi hurudi mahali pake. Ukianza kukomaa, huweza kubandikwa kifaa cha kuuongoza. Kwa ndege mzima, kwa kawaida hubaki kuusaga kila baada ya wiki au miezi kadhaa, maisha yake yote.

Alishwe nini?

Mchunguze anapokula: atainamisha kichwa pembeni, asukume tonge kwa ulimi, na nusu yake itaanguka chini ya tundu. Mpe boga na viazi vitamu vilivyochemshwa vikapondwa, wali laini, papai, na mchicha uliokatwa vipande vidogo, katika bakuli pana lenye kina kifupi. Parachichi ni sumu kwake. Mfupa wa ngisi ulioloweshwa maji baridi hadi chumvi ikatoka, kisha ukaanikwa, humpa kalsiamu. Kama hawezi kuuguguna, uukwangue juu ya chakula. Mtoe pia apate jua la asubuhi lisilopita kwenye kioo, akiwa na kivuli cha kukimbilia.

Mpime kila asubuhi kabla hajala, kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Bakuli lililochafuka hudanganya, kwani huonekana kama ameshiba. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.